Gofu Haitaki Misuli ya Mchukuzi

Wako watu waaminio kwamba anayetaka kuupeleka mpira wa gofu mbali sharti awe na misuli ya mchukuzi wa magunia. Msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wao, nivumilie kidogo. Binti yangu wa kidato cha pili alikaribia kuuacha mchezo huu kwa sababu kaka zake walimcheka, wakamwambia mikono yake ni vijiti. Nilimsihi asiuache, maana mambo haya nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa miaka sita nilikuwa kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo, katika klabu moja jijini Nairobi. Ujira huo ndio ulionilipia karo. Sheria huruhusu fimbo 14 mkobani, nami nilizibeba huku nikitazama. Niliona vijana wenye vifua vipana wakikaza meno na kupiga kwa hasira, mpira ukapotelea vichakani. Kisha akaja mzee wa miaka 70, akapiga taratibu, mpira wake ukatua katikati ya uwanja.

Siri ni nini? Je, uliwahi kufyeka nyasi shuleni? Anayefyeka kwa mikono pekee huchoka mapema. Anayezungusha kiuno na mabega, akaacha fyekeo liende kwa uzito wake, humaliza sehemu yake akipiga soga. Gofu ni vivyo hivyo.

Basi fanya hivi, ikiwa watumia mkono wa kulia. Tanua miguu kupita kidogo upana wa mabega. Weka mpira mkabala na kisigino cha kushoto, juu ya kijiti kiitwacho tii, nusu yake ikichungulia juu ya kichwa cha fimbo. Sababu ni kwamba fimbo hii ndefu yafaa iukute mpira ikianza kupanda. Ishike kama ushikavyo kifaranga: asitoroke, wala asife. Geuka mpaka mgongo uelekee unakotaka mpira uende, uzito ukiwa mguu wa kulia. Anza kurudi kwa kiuno, uzito uhamie mguu wa kushoto, mikono ifuate. Ukimaliza, kifua kitazame mpira uendako.

Huna fimbo? Chukua ufito, uzungushe mahali pasipo na mtu, usikilize. Mvumo ukisikika huko juu begani, umemaliza nguvu mapema. Wapaswa kusikika chini, pale mpira ungekuwa.

Wala usidanganywe na hewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira husafiri mbali. Shuka Mombasa, na pigo lilo hilo litaangukia karibu zaidi. Hapo wengi huongeza nguvu, mpira ukaenda kombo. Ukitoka nje ya mipaka, utarudi kupiga pale pale ulipoanzia, tena umeongezewa pigo moja la adhabu. Nguvu hizo zimekufaa nini?

Mzazi, usimpime mtoto wako kwa unene wa mikono. Binti yangu alizungusha ufito nyuma ya nyumba likizo nzima. Kaka zake wangali na nguvu kumshinda, lakini siku hizi wakitembea kuelekea mipira yao, wao ndio husimama kwanza. Yeye huendelea mbele.