Mimi, basi na kona za Kitonga

Jamani, nimefika Njombe salama! Mnaonifahamu mnajua mimi na basi hatupatani. Tangu utotoni natapika hata kabla gari halijatoka stendi, harufu ya dizeli tu inatosha. Safari hii nilikuwa naenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na karibu niombe kubadilishiwa shule, kisa Kitonga. Nikaona aibu: mwalimu gani anakimbia kituo kwa ajili ya kichefuchefu?

Usiku niliomba, nikasoma Zaburi ya 121, ile ya kutazama milima. Alfajiri pale Mbezi nikapanda, kiti cha mbele, dirishani. Tulipoanza kupanda Kitonga mate yakajaa mdomoni. Nikaweka simu pembeni, nikakaza macho kwenye milima ya mbali huku nasali kimoyomoyo. Ndiyo, najua, macho na sikio la ndani vikikubaliana kichefuchefu hupungua. Lakini ujasiri wa kupanda lile basi alinipa Mungu. Sikutapika! Kizunguzungu kilikuwepo, woga ndio haukuwepo. Jumatatu naingia darasani, mniombee.