Nafuu si Kupona

Maneno nafuu na kupona hukaa jirani katika lugha yetu, na kwa homa ndogo hakuna apatwaye na hasara akitumia moja mahali pa jingine. Katika saratani za damu ujirani huo una hatari. Mwenye nafuu amepumzika na maradhi. Aliyepona ameachana nayo. Tofauti hii imewashughulisha sana madaktari watafiti wa Afrika Mashariki, nayo yatuhusu sisi tulioifanya lugha kuwa kazi yetu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza habari za uvimbe uliokuwa ukiota katika taya za watoto. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Huandamana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964, na malaria ya mara kwa mara. Kwa hiyo watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na Geita miongoni mwao, wanaifahamu. Kisu hakikuiweza. Tangu mwaka 1960 zilijaribiwa dawa, na uvimbe ukayeyuka kwa siku chache kama chumvi majini. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini kwa watoto wengi uvimbe ulirudi.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu maradhi hayo, na Mmarekani John Ziegler akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Huko matibabu yalilinganishwa kwa utaratibu, na mgonjwa aliyekwenda kwao alifuatwa kijijini kwa motokaa ili ijulikane hali yake. Ufuatiliaji huo ndio ulioyapa majaribio thamani. Maana asiyerudi hospitali hawezi kuandikwa kuwa amepona, pengine amekwisha kuzikwa. Wamarekani walipoondoka katika enzi ya Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, aliiongoza kazi hiyo katika miaka ya dhiki, wala utafiti haukukoma.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga. Mdogo wangu ameolewa Geita. Miaka kadhaa iliyopita mwanawe alivimba taya, wakavuka kwa kivuko cha Busisi kwenda kutibiwa Mwanza. Baada ya sindano ya pili taya ilikuwa sawa. Nilimkuta mama amefunga mizigo. "Kaka," aliniambia, "mtoto amepona, na mbuzi wa kuuza wamekwisha. Nangoja nini?" Nilimjibu kwamba mtoto ana nafuu, hajapona: moto wa pumba za mpunga huonekana umezimika juu, kumbe chini unakula. Akafungua mizigo.

Kisha akaletewa karatasi ya kuombwa ridhaa, kwa kuwa madaktari walikuwa wakilinganisha namna mbili za dawa. Iliandikwa kwamba dawa ya kila mtoto itachaguliwa kwa bahati nasibu. Alikasirika. "Mwanangu achezewe kamari?" Katika nchi ya wachimba dhahabu, mke wa mchimbaji aijua bahati nasibu na ukatili wake. Nikamwambia ni kura, kama ile wanayopiga ndugu wakigawana mashamba ya marehemu baba yao, ili asiwepo wa kupendelewa. Hakuna bado ajuaye dawa ipi ni bora. Na daktari akichagua mwenyewe, yamkini watoto wenye nguvu watapewa ile aipendayo, kisha itasifiwa kwa nguvu zisizokuwa zake. Alifikiri usiku mzima, asubuhi akakubali. Mtoto alimaliza dawa zake, na kila alipoitwa kupimwa alirudi. Sasa yuko sekondari.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja kivuko, na safari ya Mwanza imekuwa nyepesi. Ile karatasi haijapata daraja lake. Aghalabu huandikwa kwa lugha ya kigeni, kisha hufasiriwa kwa haraka. Wanafunzi wetu wa Kiswahili wangefaa kuketi na madaktari kabla haijapigwa chapa, na kuisoma kwa sauti mbele ya mama mmoja wa Geita.