Upande wa Kushoto

Mwanamke wa Kibondo au Kasulu akiambiwa kuwa uvimbe wa titi lake ni saratani, hujua safari ni ndefu: hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Ocean Road kule Dar es Salaam. Siku hiyohiyo nyumbani huanza kuzungumzwa mbuzi wa kuuza na shamba la kuweka rehani. Basi anayerudi hai hupongezwa kwa uhai. Nami nilipongezwa hivyo. Majirani walileta maharage, mawese, hata migebuka kutoka Kigoma, wakasema Mungu mkubwa, nikaitikia amina kwa moyo wote, na bado usiku nikawa nalala na sidiria.

Ndani ya sidiria ile, upande wa kushoto, nilikunja kipande cha kitenge chakavu. Kilikuwa chepesi mno. Nikipanda bodaboda kinasogea kuelekea shingoni, nami nakishusha kwa kiwiko huku najifanya naweka mkoba sawa. Baadaye fundi cherehani wa Kasulu alinishonea kifuko cha pamba, akatia mtama kidogo chini kipate uzito. Alinipima bila kuuliza neno. Mchana, basi, nikawa sawa na wengine. Chumbani ndiko nilikopotea.

Kovu langu limelala mshazari hadi kwapani. Ngozi yake ina ganzi, maana mishipa ya fahamu ilikatwa pamoja na titi. Ila chini kidogo ya kwapa pana mahali padogo, upana wa kidole gumba, pakiguswa mwili wote unasisimka, na hata leo sina hakika kama ni maumivu au ni kitu kingine. Mume wangu alikuwa akiuzunguka upande ule wote kwa uangalifu, nami kila usiku niliutafsiri uangalifu ule vibaya zaidi.

Kliniki waliniuliza mengi: mkono unavimba, vidonge unameza, nauli unayo? Chumba changu kiliguswa mara moja tu, nilipoambiwa nisishike mimba nikiwa kwenye dawa, tena niache sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu ina homoni, nitumie kitanzi kisicho na homoni au kondomu. Ni maelezo ya maana, nayashukuru. Lakini yalihusu mimba.

Nilikuwa kwenye tamoksifeni, dawa ambayo wengi huimeza miaka 5 au zaidi. Joto la ghafla lilinijia hata katika baridi ya Juni ya huku kwetu milimani, na ukavu ukafanya tendo la ndoa liniume. Nilidhani ndiyo basi tena. Muuguzi mmoja aliniona nasitasita mlangoni, akaniita pembeni. Akasema wengi hupata hivyo, kwamba famasi kuna vilainishi vya maji, kwamba krimu za homoni nisizipake bila daktari. Akaongeza, kama anayepita tu, kuwa saratani haiambukizwi kitandani, wala tendo la ndoa haliirudishi. Hilo nilikuwa naliogopa siku zote bila kumwambia mtu. Nilikuja kusoma kwamba hata China wapo wanawake waliowaeleza watafiti hofu hiyohiyo baada ya kutibiwa saratani ya matiti. Mbali kote huko, na kimya ni kilekile.

Kabla sijaolewa shangazi zangu walinikalisha chini wakanifunda: chakula, maji ya kuoga, usafi, kutomkatalia mume. Titi katika mafunzo yale lilikuwa la mtoto, kisha la mume. Kwamba lilikuwa na raha yangu mimi, hakuna aliyelisema, nami sikuwahi kulisema mpaka lilipokwisha kuondolewa.

Mshairi Mmarekani Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka 1978, alikataa kuvaa titi la bandia, akitaka wanawake wa namna yetu waweze kuonana na kutambuana. Namheshimu sana. Mimi asubuhi bado navaa kifuko changu cha mtama, na sababu ya kukivaa haiwi ileile kila siku.

Usiku mmoja niliushika mkono wa mume wangu nikauweka juu ya kovu. "Baba, hapa sisikii kitu. Hapa chini nasikia sana." Akakaa kimya kwa muda. "Kwa hiyo mama, nikishika hapa sikuumizi?" Kumbe lilikuwa swali lake la siku nyingi. Hatukumaliza mambo yote usiku ule. Zipo siku ninapomtaka kweli, na zipo siku ninapoogopa tu asije akaoa mwingine, kwa maana wapo walioachwa, nami najua. Kwa nje hofu ile na hamu ile hufanana, hata kwangu mwenyewe.

Sasa binti wa kaka yangu anaolewa Kibondo, na shangazi ni mimi. Ningependa aanze kwa kuujua mwili wake, unapenda nini, na matiti yake yakoje akiyapapasa, ndipo aambiwe ya mume. Wenzangu wanasema habari za wagonjwa haziingizwi kwenye harusi, na huenda wana sababu. Binti ana furaha yake. Nimeomba nipewe jioni moja nikae naye peke yetu. Bado hawajanijibu.