Kisangani: Makemba hayangoji masua

KISANGANI, Tshopo. – Kule pwani ya Bahari ya Hindi, mchuuzi wa nazi zilizokomaa anaweza kuziacha wiki kadhaa katika makumbi yake, akingoja chombo na bei nzuri. Hapa Kisangani, mali inayoteremka mtoni kwenda Kinshasa ni makemba mabichi, nayo hayangoji mtu. Mkungu ukisha kukatwa, siku zake zinaanza kuhesabiwa.

Mama mmoja wa ngambo ya kushoto, upande wa Lubunga, aliijua hesabu hiyo vizuri. Akisikia masua iko karibu kuondoka, alikwenda shambani asubuhi, akachagua mikungu iliyojaa lakini ingali kijani, akakata mwenyewe. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilometa 1,700. Masua inaweza kutumia majuma mawili au zaidi, na ikikwama kwenye mchanga, siku zinaongezeka. Makemba yanayoanza kuiva yanauzwa njiani, Basoko, Bumba, Lisala ama Mbandaka. Yakiachwa, mkungu mmoja ulioiva unaivisha na majirani yake.

Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia nyingi zikavuka mto kutafuta usalama. Mama huyo naye alivuka na watoto. Shamba lilibaki nyuma.

Baadaye alikopa pesa kidogo, akarudia kazi yake. Lakini sasa alinunua mikungu bandarini, iliyokatwa na watu wengine. Mara ya kwanza alimwuliza kijana aliyeuza:

«Mwanangu, hii ilikatwa lini?»

«Leo asubuhi, mama.»

Aliamini. Masua ilichelewa kuondoka siku nne, na sehemu kubwa ya mali iliiva hapo hapo bandarini. Aliuza kwa hasara, na deni likabaki.

Siku hizi anatazama kwanza mahali shina lilipokatwa. Kama bado pana utomvu, ananunua. Kama pamekauka na kuwa peusi, anaacha, hata bei ikiwa chini. Anapanga mikungu kivulini, anaacha hewa ipite kati yake, na kila jioni anaondoa yenye rangi ya njano. Hiyo anauza kesho yake mapema, hapa hapa mjini. Inayobaki bila mnunuzi anaimenya, anaikata vipande, anaanika juani kwa ajili ya unga.

Wenzake waliohama makwao wanamwuliza kama atarudi shambani. Anajibu kwamba usalama ukipatikana atarudi, lakini anajua kazi inayomngoja huko: majani yamefunika migomba, na chipukizi likipandwa leo linahitaji mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutoa mkungu wa kukatwa. Familia inayorudi mikono mitupu itakula nini mwaka huo wote? Swali hilo familia nyingi zinalo, na wanaopanga kuwarudisha watu vijijini wanapaswa kulisikia.

Kwa sasa amekodi kipande kidogo cha udongo upande huu wa mto. Amepanda machipukizi ishirini. Mikungu yake ya kwanza ikijaa, hatahitaji kumwuliza mtu siku ya kukatwa.