Je, Kusafisha Paa Kwaongeza Umri wa Nyumba?

Kila mwaka kiangazi kinapokaribia kwisha, majani makavu ya miti yakiwa yamejaa juu ya nyumba zetu, watu wa kwetu huuliza neno moja: je, paa likisafishwa hudumu zaidi, au ni kazi ya bure? Wengine husema mvua yatosha kuliosha. Wengine husema paa lisilong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, basi sharti lisuguliwe. Sisi tunaofundisha shule katika nchi hii ya Mpanda twaulizwa mara nyingi, kwa kuwa watu hudhani mwalimu ajua yote. Yote hatuyajui, lakini jambo hili tumelitazama miaka mingi, tukawauliza na mafundi waezekao nyumba, nasi twapenda kuwaambia wasomaji wetu tuliyoyapata.

Mtu asidhani kwamba swali hili ni dogo. Katika nyumba ya mkulima paa ndilo lililokula fedha nyingi. Tofali alilifyatua mwenyewe kwa udongo wa kiwanja chake, akalichoma kwa kuni. Lakini bati hakulichimba shambani, alilinunua dukani. Mahindi na tumbaku ya miaka miwili au mitatu imo juu ya kichwa chake. Tena chini ya paa hilo ndipo yalipo magunia ya chakula. Maji yakidondokea mahindi, kuvu huota, na kuvu nyingine hutoa sumu ambayo siku hizi huitwa sumukuvu. Mwaka 2016 watu kadhaa walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula chakula chenye sumu hiyo. Hatusemi kwamba mapaa yao yalivuja. Twasema tu kwamba unyevu ni mama wa kuvu, na paa bovu ni mlango wa unyevu.

Katika mkoa wetu wa Katavi yako mapaa ya namna mbili yaliyo mengi, ya nyasi na ya bati. Nyasi ni mwenyeji: Wabende, Wapimbwe na Wakonongo waliezeka kwa nyasi tangu zamani za babu zao. Bati ni mgeni, na mzigo wake ni mzito. Reli ilipofika Mpanda mwaka 1950, ikitoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, njia ya vitu vizito ilifunguka. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki. Leo hata vijijini bati limekuwa jambo la kawaida, ila wengi wamelipokea pasipo kujua tabia zake, nao hulitunza kama nyasi, au hawalitunzi kabisa.

Na tuanze na nyasi. Paa la nyasi halizuii maji kwa unene wake tu. Hulizuia kwa mwinamo. Tone la mvua hushuka juu ya unyasi mmoja, hupokewa na wa pili, kisha wa tatu, mpaka lifike chini kabla halijapata nafasi ya kuingia ndani. Basi adui wa paa hilo ni kitu chochote kinachoyasimamisha maji yasiteremke. Majani ya mwembe yakirundikana juu yake huoza, hugeuka udongo, na magugu huota humo. Hapo nyasi za chini hukaa na maji mchana na usiku, nazo huoza vilevile. Kuyaondoa majani hayo kwafaa sana. Lakini mtu asipande na ufagio mgumu akafagia kama afagiaye uwanja, maana atazivunja nyasi na kuzing'oa mahali pake, na mvua itapata njia. Ayaokote kwa mkono, au ayavute polepole kwa fimbo ndefu, kutoka juu kwenda chini, kama nyasi zilivyolala.

Tena tumeona kwamba jiko lililoezekwa nyasi mara nyingi hudumu kuliko nyumba ya kulala iliyoezekwa siku zile zile. Sababu yake ni moshi. Moshi hukausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Hatusemi watu walale katika moshi, maana tunayajua madhara yake kwa macho na mapafu ya mama zetu. Twasema tu kwamba aliyeuondoa moshi nyumbani sharti awe mwangalifu zaidi: atazame njia za mchwa ukutani, azibomoe kila azionapo, kwa kuwa wadudu waliokuwa wakiuogopa moshi sasa hawana wa kumwogopa.

Sasa tuseme habari za bati. Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki pande zote mbili. Chuma kitupu kikipata maji na hewa huota kutu upesi; lakini zinki ikiwapo, yenyewe huliwa kwanza, na chuma husalimika. Siku za mwanzo bati hung'aa hata kuumiza macho. Baadaye hewa na mvua huifanyia zinki ngozi ya rangi ya kijivu, na bati hufifia. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Huona bati limefifia, wakadhani limeugua. Sivyo! Ngozi ile ya kijivu ndiyo nguo yake ya kujikinga. Bati lililofifia si bati bovu.

Katika kijiji tunachokaa, ndugu wawili walijenga nyumba mwaka mmoja, wakanunua mabati katika duka moja. Mkubwa alijenga chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli, na mdogo alijenga mahali pa wazi. Yule mkubwa hakufagia paa lake hata mara moja. Majani yalijaa mahali bati moja linapolalia jingine, na nyuma ya mawe aliyoyaweka juu ili upepo usiyang'oe mabati. Kila mvua iliponyesha, majani yale yalishika maji siku nyingi baada ya mahali pengine kukauka. Kutu ilianza papo hapo, wala si penginepo: ukitazama kutoka ndani waona vitundu vimejipanga kwa kufuata mahali palipokuwa na majani na mawe. Paa la mdogo wake ni la kijivu, halina uzuri wa kuonwa, lakini halivuji.

Mama mmoja mjane, jirani yao, alipatwa na jambo jingine. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, na mama akataka nyumba ipendeze. Alijitokeza mtu aliyejiita fundi, akamwambia kwamba paa lote lisuguliwe kwa mchanga na brashi ya waya. Likasuguliwa siku mbili, likang'aa kweli, na wageni wa arusi wakalisifu. Lakini pamoja na uchafu, fundi yule aliondoa na zinki. Masika kadhaa hazikupita, paa likawa jekundu, na baadaye likavuja juu ya kitanda na juu ya magunia. Wakristo wa jumuiya yake walichanga, wakamnunulia mabati mapya ya upande ulioharibika zaidi. Upande wa pili bado wangoja. Fedha aliyomlipa yule fundi ingalitosha kununua sehemu ya mabati hayo.

Kwa mambo hayo twaona jibu la swali letu. Kusafisha paa kwafaa, ikiwa maana yake ni kuondoa kinachoshika maji. Kusafisha paa kwadhuru, ikiwa maana yake ni kulikwangua ili ling'ae. Paa halifi kwa sababu limepoteza uzuri wake; hufa kwa sababu limekaa na maji, au kwa sababu limevuliwa nguo yake.

Basi kazi yenyewe ifanyike hivi. Wakati wake ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, na mara ya pili baada ya mvua kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Tumia ufagio laini wenye mpini mrefu, na maji matupu. Usitumie mchanga, wala brashi ya waya. Usimwage majivu juu ya bati, maana majivu yakilowa huila zinki. Ondoa mawe, vyuma vikuukuu na magurudumu ya gari. Kama bati halikushikwa vema, dawa yake ni misumari, si mawe. Tazama misumari yote: sharti iwe imepigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake ambamo maji hupita. Ukikuta doa la kutu, lisugue hilo peke yake, kisha lipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Mwisho, kata matawi yanayoinamia nyumba. Kivuli cha mwembe ni kitamu, lakini na kiwe uani.

Yako majengo mengine ya zamani katika nchi yetu yaliyoezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto. Hayo yasisuguliwe wala kuvunjwa na mtu asiye na ujuzi, kwa maana vumbi lake likivutwa puani huleta ugonjwa mbaya wa mapafu, ambao waweza kukaa kimya miaka mingi kabla haujaonekana.

Liko neno jingine ambalo sisi walimu hatuwezi kulinyamazia. Wazazi wengi huwatuma watoto wapande juu ya paa, kwa kuwa ni wepesi. Mwaka mmoja mvulana wa darasa letu alianguka alipokuwa akifagia majani, akavunjika mkono wa kuume, na muhula mzima hakuweza kuandika. Mabati yauzwayo siku hizi mengi ni membamba; fahamuni kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, ingawa tarakimu yake ni kubwa. Bati kama hilo hupinda chini ya mguu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humwamuru mtu ajengaye nyumba atie ukingo juu ya dari yake, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Kama mwenye nyumba aulizwa habari za mgeni aliyeanguka, je, ataulizwa nini habari za mwanawe aliyemtuma mwenyewe? Afadhali mtu mzima afagie akiwa juu ya ngazi iliyoshikwa na mwenzake. Na kama hana budi kupanda, akanyage penye mistari ya misumari, ambapo pana mti chini yake. Bati hununuliwa tena. Mkono wa mtoto hauuzwi dukani.

Faida nyingine ya paa safi ni maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Basi paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, mvua ikiwa ya milimita 10 tu, hupokea lita 480, nayo ni ndoo 24 za lita 20, ijapokuwa kidogo hupotea njiani. Mama wa nyumba ajua ndoo 24 ni safari ngapi za kwenda kisimani. Lakini maji hayo hupita juu ya kila kilichomo paani, mavi ya ndege na mijusi iliyokufa. Kwa hiyo fagieni kwanza, kisha acheni mvua ya kwanza imwagike chini, ndipo mkinge. Na maji ya kunywa yachemsheni.

Kusafisha hakulifanyi paa lililoezekwa vibaya kuwa jema, wala hakuligeuzi bati jembamba kuwa nene. Lakini huliwezesha paa kutimiza miaka lililojaliwa. Mhubiri naye, katika sura yake ya 10, aliona kwamba uvivu huishusha dari na mikono iliyolegea huileta mvua ndani ya nyumba. Basi, wapenzi wasomaji, kabla mawingu hayajakusanyika, kila mtu na atoke nje atazame juu ya nyumba yake. Na akimaliza ya kwake, aende akatazame na ya mjane aliye jirani yake, ambaye hana wa kumshikia ngazi.