Kiti Bodini Hakitoshi: Wazazi wa Homa Bay na Migori Wafunzwe Pamoja na Walimu

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatenga viti sita katika bodi ya shule ya umma nchini Kenya kwa watu waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya pale. Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1988, iliyounda mabaraza ya shule hapa Chicago, nayo iliwapa wazazi viti sita. Dada yangu anakalia kimoja cha viti vya Kenya katika shule ya msingi huko Ndhiwa, Homa Bay. Mimi nilichaguliwa kukalia kimoja katika shule anayosoma mwanangu. Binamu yetu, mwalimu upande wa Nyatike, Migori, anawakilisha walimu wenzake katika bodi ya shule yake. Tukipigiana simu Jumapili, baada ya habari za wagonjwa na mvua, tunaishia hapo: bodi imeamua nini, pesa zimefika au bado, nani amenyamazishwa. Kila mara naona kwamba tofauti kubwa kati ya viti vyetu haiko kwenye utajiri wa Marekani. Mimi nilifundishwa kazi ya kiti changu. Wao waliambiwa tu waketi.

Chicago haikupata mabaraza haya kwa hisani ya mtu. Mwaka 1987 mgomo wa walimu ulikula siku 19 za masomo, na wazazi waliokuwa wamechoka na shule mbovu wakapandwa na hasira. Meya Harold Washington aliwakutanisha wazazi, walimu na wafanyabiashara wajadili mageuzi. Alifariki Novemba mwaka huohuo, lakini wazazi hawakurudi nyuma. Sheria ilipitishwa mwaka uliofuata, na uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ukafanyika Oktoba 1989. Baraza la shule lina wazazi sita, wakazi wawili wa mtaa, walimu wawili, mwalimu mkuu na, siku hizi, mfanyakazi mmoja asiye mwalimu. Shule za sekondari zina wanafunzi pia. Mwenyekiti lazima awe mzazi. Baraza ndilo linalomchagua mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka minne na kumtathmini, na ndilo linalopitisha mpango wa kuboresha shule pamoja na bajeti yake. Uraia hauulizwi. Mwenye mtoto shuleni anapiga kura na kugombea, hata kama karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani.

Mamlaka hayo yote yangekuwa bure kama wazazi wasingejua kuyatumia. Kwa hiyo sheria inamtaka kila mjumbe mpya apitie mafunzo ndani ya miezi sita tangu aingie, na asiyeyamaliza anaweza kupoteza kiti. Mafunzo yenyewe ni masomo ya kawaida sana: wajibu wa mjumbe, sheria ya mikutano ya wazi, namna ya kumtathmini mwalimu mkuu, namna ya kusoma bajeti, namna ya kuandika mpango wa shule na kuufuatilia.

Kipindi cha bajeti ndicho kilichonibadilisha. Mkufunzi alitugawia karatasi ya bajeti ya shule ya mfano, akatuketisha wawiliwawili, mzazi na mwalimu au mfanyakazi wa shule. Swali lilikuwa moja: shule hii inataka mshauri nasaha wa nusu siku, pesa zitatoka wapi? Mwenzangu alikuwa msaidizi wa darasa la watoto wadogo, aliyefanya kazi shuleni miaka mingi bila kuiona bajeti. Nyuma yetu mama mmoja kutoka Mexico alikuwa akielezewa kila kitu kwa Kihispania. Tulipekua mstari kwa mstari. Tukagundua kwamba pesa fulani haziwezi kuhamishwa kwa sababu zimefungwa kwa watoto wenye mahitaji maalum, na kwamba nyingine zinaweza kuhamishwa baraza likipiga kura. Yule mama ndiye aliyeziona kwanza. Alikuwa mpishi wa hoteli, na kubana matumizi ilikuwa kazi yake ya kila siku. Tulipotoka pale, mimi na yule msaidizi tulikuwa tumeshaanza kuulizana maswali ya shule zetu wenyewe kama watu wa ofisi moja.

Sitaki kuipamba Chicago. Viti vingi hupita bila kupingwa, vingine hukaa wazi, na yako mabaraza ambamo mwalimu mkuu ndiye anayeongea huku wengine wakitikisa vichwa. Hata hivyo mjumbe anayetaka kuuliza ana pa kusimama. Ajenda lazima itangazwe saa 48 kabla ya mkutano, na yeye amefundishwa hivyo, basi hakuna anayeweza kumletea jambo mkononi dakika ya mwisho na kumwambia atie saini.

Sasa nenda Ndhiwa. Dada yangu aliniruhusu nihudhurie mkutano wa wazazi nilipokuwa nyumbani likizo. Madawati yalitolewa nje chini ya miti, wanaume mbele, kina mama nyuma, wengi wao wakiwa wametoka sokoni moja kwa moja. Hesabu za mwaka zilisomwa kwa Kiingereza, kwa kasi, kutoka karatasi moja ambayo hakuna mzazi aliyepewa nakala yake. Kisha ikaulizwa kama kuna swali. Kimya. Mama mmoja muuza omena aliyekuwa karibu nami alikuwa na daftari mapajani. Nilimwona akiandika tarakimu alizozisikia na kuzijumlisha. Hazikulingana. Nikamnong'oneza, "Mama, mbona huulizi?" Akajibu, "Mwanangu, mimi si mjumbe, na hata wajumbe hawaulizi." Huyo ni mweka hazina wa chama cha akina mama ambacho, dada yangu aliniambia jioni, hakijawahi kupoteza hata shilingi.

Jibu lake linanisumbua mpaka leo, kwa kuwa kisheria hakuwa tu na haki ya kuuliza pale. Alikuwa mwenye mali. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Kila darasa lina mwakilishi katika kamati ya chama hicho, walimu wawili wamo, na mwenyekiti wake huingizwa bodini. Bodini kwenyewe, mbali na wale sita, kuna mwakilishi wa walimu, wawakilishi watatu wa mfadhili, ambaye kwetu mara nyingi ni kanisa, mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalum, na mwanafunzi anayehudhuria. Mwalimu mkuu ni katibu. Kwenye karatasi, Kenya ina uongozi wa pamoja mpana kuliko wa Chicago. Tofauti moja kubwa ni kwamba bodi zetu hazimchagui mwalimu mkuu. Huyo anatumwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na mimi sioni ubaya wa hilo. Bodi zinabaki na kazi nzito za kutosha: mali ya shule, wafanyakazi wasio walimu, walimu wa muda wanaolipwa na bodi, na fedha zote zinazoingia.

Mafunzo je? Yapo. Taasisi ya Usimamizi wa Elimu, KEMI, imefundisha walimu wakuu kwa miaka mingi, na wajumbe wa bodi pia hualikwa kwenye semina. Lakini waulize wajumbe wazazi wa Rangwe, Mbita, Uriri au Kuria ni nani aliyekwenda. Mara nyingi utasikia ni mwalimu mkuu, pengine na mwenyekiti. Semina hufanyika hotelini mjini, kwa Kiingereza, na ada hutoka mfukoni mwa shule yenyewe. Anayerudi na kabrasha ndiye aliyekuwa na maarifa tangu awali. Wengine wanaendelea kumtegemea yeye awaambie kazi yao ni ipi, ilhali sehemu ya kazi hiyo ni kumkagua yeye.

Binamu yangu ananikumbusha kwamba walimu nao wameachwa. Mwalimu anayechaguliwa bodini anakaa meza moja na bosi wake, na hakuna aliyemweleza kwamba pale anawawakilisha wenzake. Akipinga jambo, Jumatatu yuko darasani chini ya mtu aliyempinga. Ndiyo maana nasisitiza wafunzwe pamoja, mzazi, mwalimu na mwalimu mkuu, chumba kimoja, karatasi moja. Ukiwafundisha kando kando, kila mmoja anatoka na silaha ya kumpiga mwenzake.

Tunao ushahidi wa nyumbani kwamba mafunzo haya yana faida. Kuanzia mwaka 2005, katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, shule 140 za msingi zilipewa pesa za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba. Katika nusu ya shule hizo kamati za shule zilifundishwa kumsimamia: kuhoji waombaji, kukagua mahudhurio, kukaa kikao rasmi cha kumtathmini kabla ya kuongeza mkataba. Utafiti huo uliongozwa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Pale ambapo kamati hazikufundishwa, nafasi nyingi ziliishia kwa jamaa za walimu waliokuwapo, na walimu wa kudumu wakalegeza kazi. Kamati zilizofundishwa zilipunguza mambo hayo yote mawili, na maendeleo ya watoto yakadumu zaidi. Wajumbe walikuwa wazazi wa kijijini kama wa kwetu. Walichopewa ni maelekezo na idhini ya kuuliza.

Kwenye ziwa letu lenyewe, Victoria, ushahidi uko wazi kila asubuhi. Kamati za usimamizi wa fuo, zinazojulikana kwa jina la BMU, zina kanuni za serikali tangu 2007. Wenye mitumbwi, wavuvi vibarua na wachuuzi wa samaki wote wana nafasi humo, wanawake wakiwemo. Nenda Muhuru Bay au Mbita uone wanavyobishana juu ya ushuru na nyavu haramu, kumbukumbu za mkutano zikiandikwa. Watu hao hao wakivuka barabara kuingia shuleni wanageuka mabubu.

Na kuna mambo ambayo mpango wa shule hauwezi kuyaona bila wao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Homa Bay na Migori asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba, wakati wastani wa nchi ni asilimia 15. Mzazi wa ufuoni anajua ni miezi gani omena hurudi na wavulana hupotea darasani. Mzazi wa Kuria anajua likizo ya Desemba inamaanisha nini kwa binti anayetishiwa kukeketwa. Mwalimu wa zamu anajua ni nani alianza kusinzia darasani tangu mama yake afariki. Mpango ulioandikwa ofisini na mtu mmoja utazungumzia rangi ya paa na alama za mtihani. Tangu Januari 2023 uwanja wa shule ya msingi unabeba pia sekondari ya msingi, na migongano juu ya madarasa na vifaa imeongezeka. Hayo hayatatuliwi na sahihi ya mwenyekiti peke yake.

Nikiulizwa ningeanzia wapi, ningeanza na bajeti halisi ya shule husika, kwa Kijaluo, Kikuria au Kiswahili, shuleni kwenyewe, siku ambayo si ya soko. Nakala kwa kila mtu. Nauli na chai zilipwe, kwa sababu muuza omena anayekuja kikaoni anapoteza mauzo ya siku. Na wakurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo waweke sharti kama la hapa Chicago: mjumbe asiyefunzwa ndani ya muda fulani, kiti chake kitangazwe wazi, na shule isiyowapa wajumbe wake nafasi ya kufunzwa ihojiwe.

Kwenu ndugu zangu wa Homa Bay na Migori mlioko Minneapolis, Dallas, London na Doha: tumejenga malango, tumenunua matangi ya maji, tumelipa karo za watoto wengi. Tuendelee. Ila mkiombwa tena mchango, ulizeni kwanza kumbukumbu za kikao cha mwisho cha bodi na mpango wa shule uliopitishwa na wazazi na walimu. Visipokuwepo, toeni pesa za kuwafunza kabla ya pesa za saruji. Dada yangu ameishawishi bodi yake ianze mafunzo haya mwezi wa nane, shule zikifungwa, na mwalimu mkuu amekubali kuileta bajeti yote mezani. Tunahitaji nauli za wajumbe, chakula cha mchana na nakala za karatasi. Aliye tayari kuchangia, au mwalimu aliyestaafu anayeweza kufundisha hesabu za shule kwa Kijaluo, aniandikie kabla ya Julai.