Kalemie kwa Zamu

Mara ya kwanza tulipokwenda Kalemie na watoto, tulirudi Lubumbashi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Siku nne tulikaa kwenye mbabula, tukakaanga, tukafua, na ziwa Tanganyika liko pale pale mbele yetu. Mbaya zaidi, mchana mmoja kila mama alidhani mwenzake anaangalia watoto. Mtoto wetu wa miaka sita tulimkuta maji yamemfika kidevuni. Mvuvi ndiye aliyemtoa. Usiku ule hakuna mama aliyekula.

Mwaka huu tulipanga zamu. Wawili walipika, wawili walikaa ukingoni bila kushika simu wala sufuria, na wengine wote walipumzika. Watoto waliogelea pale tu tulipoonyeshwa na wenyeji, maana ziwa lina mamba, na jioni tuliwaondoa mchangani kabla viboko hawajatoka kula majani.

Na tuliona mambo! Usiku hapakuwa na mwezi, taa za wavuvi zikajaa majini kama mji mwingine. Alfajiri tulishuka na beseni kununua ndakala wangali waking'aa. Watoto wakasaidia kuwaanika. Walionja na maji, wakitafuta chumvi waliyosikia iko baharini. Wapi! Ni maji matamu.

Mama mmoja wetu, mwenye wajukuu tisa, aliingia ziwani kwa mara ya kwanza maishani, na kitenge chake mwilini. Alikaa humo hadi chakula kikapoa. Hatukumwita.